Unakodi Meli ya Kuhudumia Rigi? Tazama Sitaha Kwanza

Ombi la mstari mmoja, "tunataka meli ya kuhudumia rigi (mtambo wa kuchimba mafuta na gesi baharini), siku kumi, bei gani?", halina jibu. Meli mbili za mita 70 zikifunga gati moja, asiyezijua ataziona pacha, kumbe moja ni lori na nyingine ni trekta. Ukikodi trekta libebe saruji, unalipia injini usizozihitaji. Ukikodi lori likavute rigi, kazi haifanyiki kabisa.

Lori ndiyo meli ya ugavi, ambayo kwenye mikataba huandikwa PSV. Kuanzia nyuma ya nyumba ya omo hadi tezi ni sitaha tupu, aghalabu mita za mraba 600 hadi 1,000, ya kupanga mabomba, makontena na vikapu vya chuma. Eneo pekee halitoshi. Uliza pia kila mita ya mraba inahimili tani ngapi. Tani 5 ni kawaida, na mtambo mdogo mzito unaweza kuzidi hapo usipowekewa mihimili ya kutawanya uzito.

Lakini thamani yake kubwa iko chini ya sitaha: matangi ya tope la kuchimbia, mafuta na maji, pamoja na silo za saruji na unga wa baraiti, madini ya kulipa tope uzito, unaosukumwa hadi rigini kwa hewa ya kompresa. Hewa hiyo ikiwa na unyevu, saruji hugandia bombani na upakuaji husimama. Tangi lililobeba tope nalo haliwezi kupokea maji au mafuta safi mpaka lioshwe, hewa ya ndani ipimwe, na watu waingie kwa kibali. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza kila tangi lilibeba nini safari iliyopita. Usipouliza, meli italala gatini huku kodi yake ya siku ikihesabiwa.

Trekta ni AHTS, meli ya kuvuta na kushughulikia nanga. Utaitambua kwa winchi kubwa nyuma ya nyumba na rola pana kwenye tezi. Nguvu yake hutajwa kwa tani za mvuto, kuanzia 60 hivi hadi zaidi ya 250, na hapa wengi hudanganyika: kipimo hicho huchukuliwa meli ikiwa imefungwa, haisogei, maji yametulia. Ikianza kwenda, tena kwenye mawimbi, mvuto unaobaki kwa ajili ya mzigo ni mdogo zaidi. Halafu piga hesabu ya mnyororo. Wa unene wa milimita 76, wenye vipingo katikati ya kila pete, una kilo 126 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 1,000 ni tani 126, na nanga yenyewe bado hujaihesabu.

Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, AHTS iitwayo Bourbon Dolphin, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini, ilipinduka ikiweka nanga ya rigi. Mnyororo ulihama kuelekea pembeni mwa tezi ukaivuta meli upande mmoja. Kati ya watu 15, 8 walikufa. Ndiyo maana hatuishii kwenye cheti cha mvuto. Tunadai hesabu za uthabiti za kazi hiyo hiyo, zikionyesha mzigo wa juu unaoruhusiwa mnyororo ukivuta kwa pembe.

Utahitaji ipi? Kina cha maji ndicho huamua. Zafarani, nje ya pwani ya kusini mwa Tanzania, ambako gesi iligunduliwa mwaka 2012, bahari ina kina cha zaidi ya mita 2,500. Meli ya kuchimba kwenye kina hicho hujishikilia kwa propela na kompyuta, haitupi nanga, kwa hiyo hitaji kubwa ni PSV. Kwenye maji ya makumi ya mita, rigi ya miguu huvutwa hadi mahali pake. Hapo bila AHTS au tagi (boti za kuvuta meli) zenye nguvu hakuna kinachoanza.

Mfumo huo wa kujishikilia huitwa DP. Kwa kazi ya kando ya rigi usishuke chini ya daraja la 2: kifaa kimoja kikifa, meli haihami. Vipimo vyote vifanyike kabla ya kuingia eneo la usalama la mita 500. Na hali ikiruhusu, meli ipakulie upande wa demani wa rigi, yaani kule upepo unakoelekea, iwe kusi au kaskazi, ili umeme ukikatika upepo uisukume mbali badala ya kuibamiza kwenye nguzo.

Boti za wafanyakazi zina kasi, ila kusi likichafua bahari uhamishaji wa watu husimama, basi weka siku za akiba. Meli za utafiti wa mitetemo, zinazosaka mafuta na gesi chini ya bahari, huburuta nyaya za kilomita kadhaa na haziwezi kukwepa nyavu ghafla. Zikodie boti za ulinzi zenye watu wanaoelewana na wavuvi wa eneo hilo.

Kwenye mikataba ya muda, mafuta kwa kawaida ni ya mkodishwaji, si ya mwenye meli. Pimeni matangi pamoja siku ya kupokea na siku ya kurudisha, karatasi isainiwe na pande zote mbili. Ukituandikia, taja kina cha maji, uzito na vipimo vya kipande kikubwa kuliko vyote, ujazo wa kila kimiminika, daraja la DP na tarehe. Kwa hayo tutaweza kukupa bei.