Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, Tandika

Wanangu,

Asalaam aleikum, na poleni na jua. Mkipita barazani kwangu mnanipa shikamoo na kuchomoka kabla sijamaliza kuitikia, ndiyo maana nimeamua kuandika. Hii mtaisoma mkisubiri abiria.

Nawaona asubuhi, kijiwe hakijachangamka. Mmoja wenu, simtaji, anakata chapati, nusu anachovya kwenye chai ya rangi, kipande anampa Popi, mbwa wa hapo kijiweni. Popi hali hapo hapo. Anamtazama kijana usoni kwanza, masikio kayalaza nyuma, mkia unafagia vumbi. "Kula basi, mzee wangu," anaambiwa, tena kwa sauti ya upole ambayo abiria hawajawahi kuisikia. Wenzake wakifika tu, mbwa yule yule anatishiwa teke: "Toka hapa, koko we!" Kicheko. Popi anasogea pembeni, anajilaza chini ya pikipiki, anangoja wenge liwapite.

Mnaona haya ya nini?

Najua maisha yenu. Pikipiki ya mkataba, hesabu ya bosi kila jioni, trafiki barabarani, mvua ya masika isiyo na huruma. Kila mmoja anasema akimaliza mkataba ndipo atakapopumua. Sawa, Mungu awajalie. Lakini mkataba ni mrefu, na katikati yake kuna huyu anayeutambua mlio wa pikipiki yako kabla hujakata kona na kusimama kukupokea, uwe umepata abiria au umerudi mikono mitupu. Nani mwingine anakupokea hivyo? Mke anauliza unga uko wapi. (Ana haki yake, msinielewe vibaya.) Dakika ile ifurahie waziwazi, mbele ya wenzako, wakicheka waache wacheke.

Wengine mtaniambia dini. Mimi ni Mwislamu, nimesoma chuoni kama nyinyi. Kwetu Mashafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi, osha. Hakuna palipoandikwa umpige. Kwenye hadithi sahihi yupo mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Na katika Suratul Kahf, vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao amelala mlangoni. Tusijifiche nyuma ya dini kwa ukatili ambao haikutufundisha.

Sasa mambo ya kufanya. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema ulimi nje, na joto la Januari hapa Dar mnalijua. Kateni kidumu, mjaze maji, mkiweke kivulini. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Ombeni mabaki ya nyama yasiyo na mifupa kwa mama wa supu.

Kubwa zaidi ni chanjo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha: dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Msipake majivu, msipake mafuta ya breki, msisubiri kesho. Na Popi mwenyewe achanjwe, kisha arudiwe kila mwaka. Watoto wa mtaa mzima wanamshikashika huyo.

Afisa mifugo wa kata nitamtafuta mimi, na kama kuna gharama, mchango wa kwanza ni wangu. Nyinyi kazi yenu ni kumleta. Wakati wa sindano atamshika yule wa chapati, maana mwingine yeyote akijaribu ataanza yeye kuchanjwa.

Ni mimi babu yenu wa barazani.