Nimerudi kutoka Saudia nikapata jamaa tuliyeachana ndiye kipenzi cha mama

Shangazi shikamoo, nisaidie juu wenzangu wa chama wanacheka tu.

Nilienda Riyadh 2021 kazi ya nyumba. Kabla niende jamaa yangu alikuwa ameshaleta wazee kwetu Kariobangi, mjomba akapokea kishika uchumba kwa niaba ya marehemu baba, soda zikanywewa, picha zikapigwa. Nikiwa huko jirani akanipigia kwamba kuna msichana ana mimba yake. Nilimuuliza akakubali, nikamwambia basi, nikalia vya kulia ikaisha. Kwangu iliisha.

Sasa nashuka JKIA na masanduku yangu, nani amesimama pale na troli? Yeye, na mama kando yake anacheka kama siku ya harusi. Kumbe miaka yote hiyo hakuwahi kutoka kwetu. Mama ana presha, siku ya kliniki huyo jamaa anafunga kibanda chake cha viatu Gikomba anampeleka, tokeni za stima zikiisha ananunua, na juzi nikiwa jikoni natafuta sukari akaniambia angalia kwa mkebe wa majani nyuma ya jiko. Kwa nyumba ya mama yangu! Pesa nilikuwa natuma mimi kila mwezi, lakini uliza ndugu zangu nani amemtunza mama, watamtaja yeye, na siwezi sema ni uongo.

Yule msichana wa mtoto waliachana kitambo. Turudiane hasemi yeye, anayesema ni mama. Eti mahari haijarudishwa kwa hivyo mimi bado ni mke wa mtu.

Na mimi niko na mtu, dereva wa matatu ya Rongai, mpole, tulishapanga kwenda Sheria House tuandikishe ndoa. Pale lazima mtoe notisi ya angalau siku 21 na ndani ya hizo siku mtu anaweza kuweka pingamizi. Halafu rafiki yangu anayefanya kazi kwa wakili akanitisha zaidi, anasema Sheria ya Ndoa ya 2014 inakubali hata mahari kidogo tu ya kuonyesha nia itoshe kama ushahidi wa ndoa ya kimila pale ambapo mila inadai mahari. Sasa Shangazi, hatujawahi ishi pamoja hata wiki, hatujaandikisha popote, nimeolewa ama sijaolewa? Nikimwambia mjomba arudishe hizo pesa na mbuzi inatosha, na nikizitoa mimi mwenyewe si ataona nimemdharau? (Mbuzi waliliwa siku ile ile, hilo usiniulize.)

Kitu kingine sijamwambia mtu. Akiwa anaosha vikombe pale kwetu amekunja mikono ya shati, roho inaruka kidogo. Si ati namtaka. Ama sijui, labda ni mazoea tu, wewe umeona mengi.

Nikimfukuza, mama atanuna na presha ipande, nikimwacha aendelee kuja, dereva wangu ameshaanza kuuliza maswali. Kliniki ni Jumanne ijayo na jamaa amesema atakuja kumchukua mama saa moja asubuhi. Niende nao, ama nimwambie asije nimpeleke mwenyewe?

Mimi wako,
Msichana wa Kariobangi