Yah: Malalamiko ya mama yangu kulishwa nyama ya nguruwe bila kuambiwa

Meneja,
Mgahawa wa vyakula vya Hawaii na Asia,
Masaki, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita usiku nilimleta mama yangu kwenu, tukakaa meza namba 11, ile iliyo karibu na kaunta ya vinywaji. Mama amekuja kunitembelea kutoka Pemba, na nilitaka ale kitu ambacho hajapata kukila maishani.

Nianze na lililo la haki yenu. Poke yenu ilikuwa nzuri sana. Mama amezaliwa Mkoani, kwa wavuvi, na samaki mbichi mezani alimtia shaka. Lakini alipoonja vile vipande vya jodari vilivyochanganywa na mafuta ya ufuta, mchuzi wa soya na majani ya kitunguu, alisema, "Huyu hajalala kwenye barafu." Kwa anayemjua mama, hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akaona musubi kwenye meza ya jirani: tonge la wali lililoshindiliwa, juu yake kipande cha nyama ya waridi iliyokaangwa, vyote vimefungwa kwa ukanda wa mwani. Kilichomvuta ni ule mwani. Mama alilima mwani kwa zaidi ya miaka 20, ameinama kwenye maji ya magoti akifunga miche kwenye kamba, na mwani wote ule ulikaushwa, ukatiwa magunia, ukaenda zake nje ya nchi. Hajawahi kuuona kwenye sahani. Nilimweleza kwamba huu wa Wajapani ni wa aina nyingine. Akasema mwani ni mwani, aletewe.

Menyu yenu imeandika: wali, mwani na nyama ya kisiwani. Basi. Kwa hiyo nilimuuliza kijana aliyetuhudumia ni nyama gani. Najua watu huja kwenu kwa ajili ya uchangamfu wa pale, na sikatai, lakini muziki ulikuwa juu mno hata kijana ilibidi ainamishe sikio mpaka mdomoni kwangu. Mara ya kwanza alisema ni kama soseji. Mara ya pili hakunisikia. Mara ya tatu nilipaza sauti, "Ya ng'ombe?" naye akaitikia kwa kichwa. Mama alikula kimoja chote na nusu ya cha pili.

Jibu la kweli tulilipata kwenye risiti ya EFD: "Musubi pork 2." Hapa ndipo paliponiuma. Aliyeingiza bei kwenye mashine alijua. Mpishi alijua. Karatasi ya kulipia imeandikwa wazi, na ile ya kuchagulia chakula imeandikwa "nyama ya kisiwani". Mama yangu ametoka kisiwani, Ndugu Meneja. Kwa mtu wa Pemba, maneno hayo hayawezi kumaanisha nguruwe.

Aliinuka bila kusema neno, akaenda kwenye sinki la kunawia, akasukutua, akasukutua tena, mpaka mtandio wake ukalowa kifuani. Dada wa usafi ndiye aliyemshikia mkoba na kumpa karatasi za kujifutia. Naomba mumfikishie shukrani zangu. Msimamizi wenu alipokuja alisema, "Dada, mngeuliza mapema," kisha akatupa punguzo la asilimia 10. Tuliuliza. Tuliuliza mara tatu. Kwenye gari mama hakufungua mdomo mpaka tulipopita Daraja la Tanzanite, akasema tu, "Mungu anajua sikujua." Imamu wa msikiti wetu amemwambia hana dhambi kwa asilolijua, na amefarijika. Ila tangu siku ile, hata nikimpikia mwenyewe, huuliza kwanza.

Baadaye nilisoma habari za chakula hicho. Nyama yenyewe ni Spam, nguruwe wa kopo aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, akaenea Hawaii wakati wa Vita Kuu ya Pili, na watu wa huko wenye asili ya Japani wakamuunganisha na wali wao. Kwa watu wa Hawaii ni chakula cha kila siku, na wanakipenda waziwazi, kwa jina lake. Sina ugomvi na chakula hicho wala na anayekila. Hata hapa Dar kitimoto kinauzwa mchana kweupe, na kila mtu anajua anaingia wapi.

Ninachotaka ni neno "nguruwe" liandikwe kwenye menyu, kwa Kiswahili, mbele ya kila sahani yenye nyama hiyo, na wahudumu wafundishwe kusema "ngoja nikaulize jikoni" wanapokuwa hawajui. Mniambie pia kama sufuria na mbao za kukatia za nyama hiyo zinatengwa na za kuku na samaki, maana tulikula na vingine usiku ule. Msimfukuze yule kijana; alitumwa kuuza kitu ambacho hakuna aliyemweleza ni nini. Fedha ya musubi, shilingi 28,000, mnirudishie, lakini hiyo ni ya mwisho.

La kwanza ni mama aombwe radhi, na wewe mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu. Namba yangu mnayo kwenye kitabu cha kuhifadhi meza. Atakuwa kwangu hadi Alhamisi, na baada ya swala ya alasiri huwa hana shughuli.

Nimeambatanisha nakala ya risiti.

Wako,
Mteja wa meza namba 11