Visa vya kampuni zetu viingie darasani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wenye vyuo vya biashara hapa Nairobi. Mimi mchana niko kwa mauzo, jioni nasoma diploma ya maketing hapa tao, na kitu napenda sana kwa hii kozi ni vile visa vya kampuni, zile huitwa kesi stadi, mnapewa shida iliyoikuta kampuni fulani halafu mnabishana mngefanya nini kama nyinyi ndio mameneja. Hapo ndio mtu anajifunza kufikiria, si kukariri noti.

Sasa shida ni kwamba visa karibu vyote tunavyopewa ni vya Marekani. Ya Coca-Cola nimeisoma hadi naijua kwa kichwa, 1985 wakabadilisha ladha ya soda baada ya kuonjesha watu karibu 200,000, wengi wakasema hii mpya ndio tamu, lakini kuingia madukani watu wakakasirika hadi ile ya zamani ikarudishwa kabla miezi mitatu iishe. Sikatai, ni kisa kizuri. Kinafunza kwamba kumuuliza mteja gani tamu si sawa na kumuuliza atajisikiaje ukimnyang'anya ile amezoea. Lakini jirani yangu darasani anauza mitumba Gikomba, mwingine ni ejenti wa M-Pesa, na wote watamaliza kozi kabla hawajachambua kampuni hata moja ambayo wao hupita mlangoni pake kila siku.

Na si ati hatuna visa. Hiyo M-Pesa yenyewe, 2005 ilijaribiwa kwanza hapa Nairobi na Thika na wateja wa Faulu, kampuni ya kukopesha watu mikopo midogo, lengo likiwa mtu alipe mkopo wake kwa simu. Watu nao wakaanza kuitumia kivyao, wakatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, mwingine anaiweka kwa simu kabla asafiri ndio asiibiwe njiani, akifika anaitoa. Safaricom na Vodafone wakaona hiyo tabia, mambo ya mkopo wakayaweka kando, na Machi 2007 wakazindua huduma na ujumbe mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Wale wa soda waliuliza watu, hawa wakaangalia watu wanafanya nini. Mwanafunzi wa Nairobi anaelewa hiyo tofauti mara moja juu shosho yake mwenyewe ni mmoja wa wale hutumiwa.

Visa vya kuanguka ndio vingi zaidi na ndio hatuvigusi kabisa. Chukua supamaketi zetu. Uchumi ilifunga 2006, ikafufuliwa, ikayumba tena. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ikafika hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, 2018 ikawekewa msimamizi na 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo. Saplaya halipwi, anaacha kuleta mzigo, rafu zinabaki tupu, mteja anahama, na pesa ya kumlipa saplaya inazidi kukosekana. Weka mwanafunzi hapo katikati umuulize, wewe ni meneja wa tawi, mishahara imechelewa, maziwa hakuna, wateja wanafokea keshia, ofisi kuu hawashiki simu, asubuhi utawaambia nini wafanyakazi wako? Kuna watu hapa Nairobi walisimama mbele ya wenzao na hilo swali, na wako, wanaweza kualikwa darasani jioni moja tu waongee.

Tukiuliza tunaambiwa visa vya hapa havijaandikwa vya kutosha. Si basi tuviandike! Hizi projekti za mwisho wa kozi, ambazo wengi hunakili tu za mwaka uliopita, zigeuzwe kila kikundi kiende kiandike kisa kimoja cha biashara ya hapa, iwe duka la Kamukunji ama kampuni kubwa. Mambo ya Nakumatt yalifika kotini na maamuzi yako wazi kwa umma, mtu akitaka kusoma anasoma. Na kampuni zetu ziache kuficha, zikikosea ziambie walimu kilichotokea, hata kama ni baada ya miaka.

Bwana Mhariri, hata nyinyi mna maktaba ya magazeti ya zamani yenye habari zote hizi siku baada ya siku. Tungeomba mwafungulie wanafunzi, hata kama ni Jumamosi pekee.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi