Barua kwa mwanangu: adhana haikukatika

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya Isha

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku ni wazima, na mamako anakusalimu. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na wewe kwenye simu una tabia ya kujibu kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Alhamisi alasiri alikuja dukani mama mmoja kutoka Likoni, ambaye sikuwahi kumwona. Hakuja kunipa kazi ya kupiga video ya harusi. Aliweka simu juu ya meza akanionyesha maneno uliyomwandikia mwanawe mbele ya wachezaji wenzenu wote: kwamba ile video ya rekodi yake ya muda katika mchezo wa simu wa mbio za magari ni ya kughushi, kwamba ameikata katika dakika ya pili na kuiunga na video nyingine, na kwamba mtu anayeiba sekunde hashindwi kuiba simu za wateja anaowatengenezea. Alinieleza kwamba miongoni mwa wachezaji hao wamo wateja wa kijana wake, na tangu siku ile wawili wamekwenda kuzichukua simu zao kabla hazijaguswa. Kisha akaniuliza, kwa adabu iliyonitia haya kuliko kama angenipigia kelele, ikiwa ni kweli kwamba baba wa aliyeyaandika hayo ni mtu wa video.

Nilimjibu kwamba ni kweli, na nikamwomba anipatie faili lenyewe kutoka kwenye simu iliyorekodi, si nakala. Hapa nataka usome polepole. Ulichokitazama wewe ni nakala iliyopita kwenye WhatsApp, na WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi kutuma. Katika kubanwa huko picha hupoteza ukali wake, na mwendo uliokuwa na kasoro ndogo huonekana una kasoro kubwa. Hukumu uliyoitoa uliitoa juu ya kivuli. Ijumaa baada ya swala kijana alivuka feri mwenyewe akaniletea simu, akaketi kwenye kile kiti chako cha plastiki, na kwa muda wote wa saa mbili hakuuliza swali hata moja.

Ni kweli kwamba katika dakika ya 2 na sekunde 14 picha inaganda, kisha gari linaruka mbele. Jicho lako halikukosea kuliona hilo, na sitaki udhani kwamba nakulaumu kwa kuona. Lakini simu haifanyi kazi kama kamera yangu. Kamera zangu za zamani, za mfumo wa televisheni wa PAL tulioutumia hapa Kenya, zilikuwa zikichukua picha 25 kila sekunde, na zilikuwa zikienda sawasawa kama mapigo ya saa. Simu inayorekodi kioo chake yenyewe huku ikiendesha mchezo mzito huchukua picha nyingi inapokuwa imepoa na hupunguza inapopata moto, na kila picha huandikiwa wakati wake. Nilipozifungua nyakati hizo katika kompyuta, nilikuta pengo la karibu theluthi moja ya sekunde. Kisha nikaitazama saa ya mchezo iliyo pembeni mwa kioo: nayo ilikuwa imesonga kwa theluthi hiyo hiyo. Mtu aliyekata na kuunga hupata shida hasa hapo, kwa kuwa saa ya mchezo na saa ya rekodi ni mashahidi wawili wasiojuana, na si rahisi kuwafundisha waseme jambo moja.

Shahidi wa tatu ndiye aliyenifanya nivue miwani. Kijana alikuwa amewasha maikrofoni ya simu, na katika dakika ile ile msikiti wa jirani ulikuwa ukiadhini Alasiri. Muadhini ameivuta "hayya" ndefu, na kuganda kwa picha kumeangukia katikati ya neno hilo. Nililisikiliza kwa vipokea sauti labda mara 20, kisha nikayatazama mawimbi ya sauti kwenye programu. Picha imeganda, lakini adhana haikukatika. Najua utaniambia kwamba sauti inaweza kuwekwa juu ya picha baadaye, na ni kweli, mimi mwenyewe nimelifanya hilo kwa miaka mingi. Lakini mngurumo wa gari la mchezo umetoka kwenye spika ya simu ukaingia kwenye maikrofoni ile ile pamoja na adhana na kelele ya feni, na vitu vitatu vilivyochanganyika namna hiyo si rahisi kutenganishwa na fundi wa simu wa Likoni, wala na mimi.

Kwa hiyo ninachoweza kukuambia ni hiki: mahali ulipoonyesha kidole hapakukatwa. Sijasema kwamba rekodi yake ni halali. Mchezo wenyewe unaweza kuwa umeguswa ndani, na jambo hilo video haiwezi kulionyesha. Wewe umewatolea wenzako mfano wa Dream, yule mchezaji maarufu wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft aliyeshutumiwa kudanganya katika rekodi zake, nami nikakaa usiku nikausoma mfano wako, nikaona kwamba unakupinga. Desemba 2020 wasimamizi wa rekodi za mchezo ule hawakudai kwamba picha yake imekatwa. Mhariri yeyote angeitazama asubuhi hadi jioni asione kiungo. Walichofanya ni kuhesabu: katika matangazo yake 6 ya moja kwa moja yaliyofuatana, viumbe wa mchezo wanaoitwa piglin walimpa lulu, ambazo mchezaji huzihitaji ili amalize mchezo, mara 42 katika mabadilishano 262, ambapo mtu wa kawaida angetarajia mara 12 hivi, na viumbe wa moto wakamwachia fimbo, ambazo nazo huhitajika, mara 211 katika mara 305, ambapo nusu ndiyo kawaida. Wakaipa bahati hiyo, hata baada ya kumpunguzia kila walichoweza kumpunguzia, uwezekano wa 1 kati ya trilioni 7.5. Wakachapisha hesabu zote ili kila anayetaka kuzipinga azipinge. Yeye alikana, na Mei 2021 akakiri kwamba mchezo wake ulikuwa na programu iliyobadilisha uwezekano huo, ila akasema hakujua kwamba ilikuwa ikifanya kazi wakati ule. Wao walileta kurasa za hesabu, mwanangu, na wewe umeleta picha moja ya skrini yenye mduara mwekundu.

Lipo tukio jingine linalokuhusu kwa karibu zaidi. Bila shaka umelisikia jina la Billy Mitchell, yule Mmarekani wa rekodi za Donkey Kong, mchezo wa zamani wa mashine. Aprili 2018 Twin Galaxies, wanaotunza rekodi za michezo hiyo, waliziondoa alama zake baada ya uchunguzi wa namna picha inavyojichora kwenye kanda zake pale hatua moja inapoishia na nyingine kuanza; walisema haikujichora kama inavyojichora kwenye mashine halisi ya mchezo ule. Alikana, akashtaki, na kesi ikaenda hadi Januari 2024 walipopatana, alama zake zikarudishwa katika orodha ya kumbukumbu za kihistoria. Miaka karibu 6 juu ya sokwe anayetupa mapipa! Lakini si hapo ninapotaka uangalie. Karl Jobst, mwanayutubu wa Australia ambaye video zake umewahi kunionyesha sebuleni, naye alimsema Mitchell kuhusu udanganyifu wa mchezo. Aprili 2025 mahakama ya Queensland ilimwamuru Jobst amlipe Mitchell fidia ya dola 350,000 za Australia, mbali na riba. Hakulipishwa kwa yale ya mchezo. Alilipishwa kwa jambo aliloliongeza juu yake, kwamba mashtaka ya Mitchell yalichangia kifo cha mwanayutubu mwingine, na alishindwa kulithibitisha.

Nawe umeongeza. Kuhusu sekunde ulikuwa na shaka, na shaka si kosa. Kuhusu simu za wateja hukuwa na chochote, hata kivuli. Na katika maneno yako yote hilo ndilo lililovuka kivuko likafika kwenye meza yake ya kazi.

Nikueleze sasa kisa ambacho mamako anakijua na wewe hukijui. Ulikuwa hujazaliwa. Nilipewa kazi ya nikaha hapa hapa mjini, msikitini, na betri ikazimika dakika ile bwana harusi anatamka kukubali. Hadi nilipobadilisha betri, watu walikuwa wamekwisha kupeana mikono. Sikumwambia mtu. Usiku nikaichukua sauti kutoka kwenye kaseti ya msikiti, nikaiweka juu ya sura ya bwana harusi niliyoipiga mapema alipokuwa akisikiliza hotuba huku midomo yake ikicheza kwa dhikri, nikaiunga vizuri hata mimi mwenyewe nikajipongeza. Mamako, ambaye ndiye anayepiga video usiku wa kupamba, ule wa wanawake peke yao, kwa kuwa mimi huko siingii, aliitazama asione kitu.

Baada ya wiki mbili alikuja mzee mmoja, ami yake bwana harusi. Alingoja mteja aliyekuwapo aondoke, akaurudisha mlango, akaitoa kanda ndani ya mfuko wa kanzu, akasema: "Saa yako imerudi nyuma." Sikumwelewa. Akaniomba niiweke kanda. Nyuma ya kichwa cha bwana harusi palikuwa na saa ya ukutani, na ilikuwa ikionyesha saa kumi na dakika arobaini. Nilipounga, ikaonyesha kumi na ishirini. Kisha ikarudi arobaini na mbili. Nilihisi masikio yanawaka. Aliniuliza kulitokea nini, nami nikamweleza habari ya betri yote, na kwamba niliogopa kunyimwa malipo. Nikamrudishia fedha. Alizichukua, akaniamuru niitengeneze upya kanda ile bila udanganyifu, pengo liachwe lionekane, kisha akaondoka. Katika mabaraza yote ya Mji wa Kale sikusikia neno. Miaka mitatu baadaye alinipa harusi ya binti yake.

Yule mzee alikuwa na ushahidi ambao wewe huna, na mtuhumiwa wake alikuwa na hatia kweli kweli, tena aliketi mbele yake. Hata hivyo alianza kwa kuuliza.

Tuje kwenye la kufanya. Nimemwandikia kijana karatasi inayoeleza nilichokiona na nisichoweza kukiona, nikaitia sahihi, na nakala yake naituma kwako pamoja na barua hii. Wewe utayaondoa maneno ya wizi wa simu, na utaandika pale pale ulipoyaandika, mbele ya watu wale wale, kwamba uliyasema bila ya kujua. Usiandike "kama kuna aliyeudhika". Aliyeudhika unamjua, na mamake ninamjua. Kuhusu kiungo cha dakika ya pili, utasema kwamba faili la asili limekaguliwa na halina mkato mahali hapo. Usiseme limekaguliwa na baba yako, kwa sababu watadhani ninakuokoa au ninakuadhibu. Waache waisome karatasi yenyewe na wamwombe kijana faili wakitaka.

Ukiwa bado una shaka kuhusu muda wake, una haki ya kuuliza, na nimemuuliza mimi kabla yako. Nilimuuliza ikiwa yuko tayari kuirudia mbio hiyo huku simu ya pili ikimpiga mikono na kioo kwa pamoja, mchezo ukiwa umefutwa na kupakuliwa upya mbele ya mtu. Alifikiri kidogo, akasema yuko tayari, lakini kwamba huenda asiufikie tena muda ule kwa kuwa amejaribu tangu siku hiyo na hajaufikia. Jibu hilo lilinipendeza, ingawa najua kwamba mwongo mwerevu naye angelijibu hivyo hivyo. Sikumweleza hilo la mwisho, nakueleza wewe.

Shida yake ni kwamba hana cha kuisimamishia simu ya pili. Nikakumbuka ile tripodi ndogo ya mamako uliyoondoka nayo Januari, ambayo ulisema ungeirudisha baada ya wiki moja. Basi ukija wiki ijayo uje nayo. Jumamosi nitafunga duka saa sita, tutavuka feri sote wawili, na utampa kwa mkono wako. Mamake amesema atatupikia. Nilikataa kwa heshima, naye hakunisikiliza.

Wasalaam,
Babako