Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: makohozi yetu hukwama Mkanda

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka kisiwani Pate, kuhusu vipimo vya kifua kikuu.

Mjomba wangu alikohoa miezi mitatu. Zahanati moja ikampa kikopo bila kumweleza kuwa linalotakiwa ni kohozi la kifuani, si mate. Akatema mate. Kikopo kikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, boti ikangoja maji yajae maana yakipwa, Mkanda, mlango mwembamba wa bahari tunaoupita, haupitiki, na jua likawaka juu yake. Kilifika maabara ya ng'ambo kifuniko kimelegea, nusu imemwagika. Jibu: arudie. Wakati huo mjukuu wake wa mwaka mmoja analala naye kitanda kimoja.

Mara ya pili makohozi yalitazamwa kwa darubini, yakaonekana safi. Simlaumu mtaalamu. Darubini haioni kitu mpaka bakteria wafike kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja, na hata ikiwaona haijui dawa gani zitawaua. Mashine ya GeneXpert husoma vinasaba vyao, na kabla ya saa mbili kwisha inakwambia mambo mawili: kifua kikuu kipo au hakipo, na kama kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kukitibu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha tangu Desemba 2010. Ndiyo iliyomkamata mjomba, mara ya tatu. Alhamdulillahi, rifampisini bado ilimfaa.

Siombi mashine mpya. Naomba boti ya sampuli, mara mbili kwa wiki, ipitie Kizingitini, Faza, Siyu na Pate, na kasha la barafu kama la wavuvi. Majibu yarudi kwa simu. Kohozi la kwanza liende kwenye mashine moja kwa moja. Darubini ibaki kuwafuatilia walioanza dawa, kwani mashine huokota hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa.

Halafu katriji ya kawaida, yaani kikasha cha kipimo kinachotiwa ndani ya mashine, haipimi usugu wa isoniazidi, dawa nyingine kuu ya kifua kikuu. Anayemeza dawa asipate nafuu, makohozi yake yapelekwe maabara ya rufaa yakaoteshwe, yaani bakteria wakuzwe ili wapimwe kwa dawa. Kuotesha huchukua wiki kadhaa, na sampuli iliyopigwa na jua njiani humea vijidudu vingine ikaharibika, kazi ikaanza upya. Ndiyo maana nang'ang'ania barafu.

Ratiba ya boti isiandikwe ofisini kabla ya kuwauliza manahodha wa Pate. Wao ndio wanaojua saa ya maji.

Mpwa wa mgonjwa,
Pate