Mwanangu, ulisema ni mafua tu

Bukavu, Kadutu
Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Nimekupigia mara mbili mtandao ukakata, na mara ya tatu nikakata mwenyewe kabla hujapokea. Jambo hili siliwezi kwa simu. Yule paka mdogo wa madoa amekufa. Alikufa Jumanne kabla ya alfajiri, na papa yako amemzika nyuma, karibu na mgomba. Watatu waliobaki wako hai. Usikimbilie kutafuta tiketi, soma kwanza mpaka mwisho.

Wiki mbili zilizopita, ukiwa unafunga sanduku la safari ya Lubumbashi, uliliweka lile katoni la watoto wanne wa paka kando ya jiko ukaniambia, "Mama, ni mafua tu, kikundi chetu cha kuokoa paka kitapita kuwachukua." Nami nikawapokea huku nanung'unika, maana katika nyumba niliyokulia paka alijitafutia panya wake, hakulazwa juu ya kitenge. Tena kitenge changu cha tarehe 8 Machi!

Mafua yalikuwepo kweli. Macho yalikuwa yamegandana kwa usaha, pua zimeziba. Nikawaosha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, pamba moja kwa kila jicho, kisha daktari wa mifugo akaagiza pomada ya tetrasiklini. Nikacheka. Ndiyo ileile niliyowapaka watoto wachanga miaka yote niliyofanya kazi uzazi. Akanieleza kwamba mafua ya paka huletwa na virusi, na pomada haiviui, inazuia tu vijidudu vingine visidandie hapohapo. Hayo nilikuwa nayajua, lakini nikamwacha amalize. Kila siku anashughulika na ng'ombe na mbuzi, naona alifurahi kupata wagonjwa wanaoingia kwenye kikapu.

Nisilolijua ni kwamba paka asiyenusa hali. Niliwawekea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizochemshwa bila chumvi, wakazitazama kama mawe. Nikazisaga na supu yake, nikazipasha tena juu ya mbabula mpaka harufu ikajaa nyumba nzima, papa yako akalalamika, ndipo mmoja wao, Makala, akanyanyua kichwa. Tangu siku hiyo hawali kitu kilichopoa.

Nikaazima mizani ya jirani anayeoka keki. Mtoto wa paka anatakiwa aongeze kama gramu kumi kila siku, basi nikafungua daftari, asubuhi na jioni, kama fishi ya mgonjwa wodini. Ijumaa Madoa alikuwa na gramu 410. Jumamosi 395. Hapo nilijua, hata kabla hajatapika. Jumapili akatapika, na jioni akaanza kuhara maji yenye damu.

Sasa hili sijamwambia mtu zaidi ya papa yako. Alikuwa na homa, jirani akasema nimpe robo ya parasetamoli, na mimi, muuguzi wa miaka 27, nikakivunja kidonge. Papa yako ndiye aliyesema nimpigie daktari kwanza. Daktari alipiga kelele hadi nikaiweka simu mbali na sikio: ini la paka haliwezi kuisafisha dawa ile, na hata kipande kidogo huharibu damu yake na kumuua. Ile robo ilikuwa bado kiganjani.

Usiku wa mwisho umeme haukuwepo, hilo si jipya. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikaivalisha soksi ya papa yako, nikamlaza ubavuni pake. Alikuwa ameshapoa, na aliyepoa halishwi kwa sirinji, kwa sababu tumbo lake halisagi na chakula kinaweza kuingia njia ya pumzi. Kwa hiyo sikumlisha. Nilikaa naye tu.

Kwa dalili zile daktari alitaja panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka, ndugu wa parvo ya mbwa. Nikawapigia wenzako wa kikundi. Kijana mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule walikotolewa hao wanne, wengine wawili walikuwa wamekufa kwa kuhara wiki iliyotangulia. Wewe ulijua? Nijibu hili kabla ya mengine yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama, na hapa kifo kimemkuta asiyeficha kitu. Ningeambiwa, ningeweka ndoo ya klorini mlangoni siku ya kwanza, kama tulivyofanya mwaka 2019 Ebola ilipofika Mwenga. Ningemtenga kila mmoja peke yake. Labda Madoa angekufa vilevile. Lakini ningekuwa nimepigana na adui ninayemjua jina.

Makala na yule wa kijivu walihara siku moja tu, Mkiafupi hakuguswa. Lakini aliyepona bado anaweza kutoa virusi kwenye choo chake kwa wiki sita, kwa hiyo watatu hawa hawavuki mlango wangu, hata mtu akija na barua ya rais wa kikundi. Wenzako wanataka kuniletea wengine watano Jumatano. Nimekataa. Virusi hivi vinaweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima. Katoni na kitenge nimevichoma. Sakafu nimeiosha kwa sabuni, maana klorini juu ya uchafu ni maji matupu, kisha nikapiga Javel, ile klorini ya dukani, kipimo kimoja kwa vipimo 32 vya maji, nikaiacha dakika kumi. Hata hivyo sitamwingiza humu mtoto wa paka asiyechanjwa. Waambie wenzako chanjo inaanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Kama fedha ni haba, waokoe wachache.

Leo jioni: Makala gramu 640, Kijivu 585, Mkiafupi 530 na amemuuma papa yako kidole cha mguu. Ziandike gramu hizo kwenye daftari la kikundi, na kwenye mstari wa Madoa uandike alikufa kwa nini.

Mama yako